Kutengeneza laini ya seli za umio zisizozeeka: mwongozo kwa anayeanza

Kila wanafunzi wapya wa masters wakiingia maabara maswali ni yaleyale: nianze na kipande kikubwa kiasi gani, nitumie virusi gani, mbona seli zangu zimeota vizuri wiki mbili alafu zikatanuka zikasimama. Kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa mpangilio, uyasome kabla hujaagiza kitu chochote, manake matatizo mengi yanaanza kabla hata seli hazijaingia kwenye flaski.

Nitatumia mfano wa umio, koo la chakula, kwa sababu hii kansa ni yetu. Ukanda wake unashuka kutoka Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, na mtu wa Eldoret, Bomet au Moshi hahitaji kuelezwa, anamjua jirani aliyefika hospitali wakati hata uji haupiti tena. Sasa angalia tunachotumia maabara. Laini, yaani seli zinazoendelea kuota maabara bila kuisha, za KYSE na TE zimetoka kwa wagonjwa wa Japani, zile za WHCO zimetoka Afrika Kusini, na zote hizo ni kansa tayari. Ukitaka kujua kansa inaanzaje unahitaji seli ya umio iliyo nzima, ya mtu wa huku kwetu, inayoota bila kuzeeka, ili uiongezee badiliko moja moja uone ni lipi linaivunja. Hiyo ndo kazi ya mwongozo huu.

Na msimamo wangu nausema mapema: usipite njia ya mkato ya kuingiza jeni za virusi, SV40 T wala HPV E6/E7. Ni rahisi kweli, seli zitaota, lakini SV40 T inakamata p53 na Rb, breki mbili kuu za seli, kwa pamoja, E6 inaiteketeza p53 na E7 inaiondoa Rb. Kansa ya umio kwa sehemu kubwa ni kansa ya p53 iliyoharibika. Ukiiua p53 siku ya kwanza, swali lako kuu umeshalifuta kabla hujaliuliza.

Nadharia, kidogo tu

Seli ya kawaida ya binadamu ina kikomo. Hayflick na Moorhead walilionyesha hilo mwaka 1961 kwa fibroblasti, seli za tishu unganishi. Seli za epithelia, zile za utando wa juu, ukiziweka kwenye plastiki zinakutana na vizuizi viwili. Cha kwanza kinakuja mapema, p16, protini ya breki, inapanda, inazuia CDK4 inayosukuma seli igawanyike, seli inasimama hata kama telomeri zake, ncha za kromosomu zinazofupika kila seli ikigawanyika, bado ndefu. Cha pili ni telomeri zenyewe kuisha. hTERT, jeni ya telomerasi, inatatua hicho cha pili, inarudisha kimeng'enya hicho kinachorefusha telomeri. Cha kwanza unakitatua kwa mazingira mazuri ya kuoteshea, au kwa CDK4 yenye badiliko la R24C ambayo p16 haiwezi kuishika. Mwaka 1998 ilionekana kwamba seli za ngozi na za matiti hTERT peke yake haitoshi, lazima p16/Rb ishughulikiwe pia. Lakini kwa umio, kundi la Pennsylvania lilionyesha mwaka 2003 kwamba hTERT peke yake inaweza kutosha na p16 ikabaki salama. Kwa hiyo utajaribu njia zote mbili sambamba, nitakuonyesha.

Kabla hujaanza

Kibali kwanza. Tanzania ni kamati ya taasisi yako pamoja na ile ya kitaifa chini ya NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, Kenya ni kamati ya maadili iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia. Kamati ya usalama wa kibayolojia ya chuo nayo ipitie, kwa sababu unaingiza jeni kwa virusi. Fomu ya ridhaa iseme wazi, kwa Kiswahili anachokielewa mama aliyekaa kwenye foleni ya endoskopi, kwamba seli zake zitaendelea kuishi maabara miaka na miaka, kwamba DNA yake itasomwa, kwamba watafiti wengine wanaweza kupewa hata nje ya nchi, na kwamba anaweza kukataa na matibabu yake yasibadilike hata kidogo. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, zinazoitwa HeLa, zilichukuliwa Baltimore bila yeye kuulizwa na dunia nzima ikazitumia. Usinipitishie ridhaa kwa sentensi moja ya jumla jumla, hapa ndipo heshima ya kazi yote ilipo.

Vifaa na vitu vya kuwa navyo mkononi, sio "vimeagizwa", mkononi:

- Kabati la usalama daraja la 2, lile tunaloita hudi, na inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dioksaidi asilimia 5, vyote kwenye laini ya jenereta
- Midia, yaani maji yenye virutubisho, ya keratinosaiti isiyo na seramu (KSFM), kalsiamu milimola 0.09, na viongezi vyake viwili: dondoo ya pituitari ya ng'ombe, mikrogramu 50 kwa mililita, na EGF, kichocheo cha ukuaji, nanogramu 1 kwa mililita
- Vimeng'enya vya kutenganisha seli: dispasi, na tripsini ya asilimia 0.05 yenye EDTA, na kizuia tripsini cha soya
- Y-27632, kizuia ROCK kinachosaidia seli zisife zikipandwa, utatumia mikromola 10
- Kolajeni ya aina ya 1 ya kupakia sahani
- Penisilini na streptomaisini, gentamaisini, amfoterisini B
- Virusi vya lenti, vya kubebea jeni, vyenye hTERT (pamoja na kinga dhidi ya dawa ya puromaisini), CDK4 R24C (pamoja na kinga dhidi ya dawa ya blastisidini), na viwili vitupu vya kulinganishia, kimoja kwa kila dawa
- DMSO, vichupa vya kugandishia, na naitrojeni ya maji ya uhakika

Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. Kama chuo hakina mtambo, waulize watu wa mifugo. Kituo cha uhimilishaji cha NAIC pale Usa River Arusha na kile cha KAGRC Kabete wanazalisha naitrojeni ya maji kwa ajili ya mbegu za ng'ombe. Ongea nao kabla, jua ratiba yao, kwa sababu seli ulizohangaikia mwaka mzima tangi likikauka zimekwenda.

Hatua

1. Pata kipande sahihi. Mzuri kuliko wote ni mtu anayepimwa kwa endoskopi kwa sababu nyingine, labda vidonda vya tumbo, na umio wake ni msafi. Omba vipande 4 mpaka 6, kila kimoja ni milimita 2 au 3 tu. Kama lazima uchukue kwa mgonjwa wa kansa, chukua mbali na uvimbe, ila ujue tishu inayoonekana nzima sio lazima iwe nzima kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Sanger Institute kule Uingereza walionyesha kwamba umio wa kawaida wa mtu mzima una makoloni mengi ya seli zenye jeni ya NOTCH1 iliyobadilika, na yanaongezeka na umri. Kwa hiyo chukua na damu ya mtu huyohuyo siku hiyohiyo, itakusaidia kujua badiliko gani alizaliwa nalo, na ukilisoma mapema kundi la seli kabla ya virusi utajua lipi lilikuwepo kwenye kipande na lipi limekuja maabara. Damu hiyo ndo itakuwa pia kitambulisho cha laini yako, usije ukaikosa.

2. Safirisha kwa baridi. Mrija wa KSFM yenye antibayotiki zote, ndani ya boksi la barafu, nyuzi 4. Usigandishe. Fika maabara siku hiyohiyo. Umio sio sehemu safi, kuna bakteria wa mdomoni na kuvu, na mtu anayetumia dawa za kupunguza asidi mara nyingi ana fangasi zaidi, kwa hiyo amfoterisini sio mapambo. Kila kipande kichukulie kama kina HIV na homa ya ini B hata kama majibu yamesema hapana.

3. Osha, tenganisha. Ndani ya hudi osha vipande mara 3 kwa PBS yenye antibayotiki. Weka kwenye dispasi, uniti 2.4 kwa mililita, nyuzi 4 usiku kucha. Asubuhi chini ya hadubini ya kupasulia shika kwa koleo mbili ndogo: epithelia inachubuka kama utando mwembamba mweupe, na chini kinabaki kinyama chekundu kidogo, kizito zaidi. Huo utando ndo mali. Kinyama cha chini tupa, au weka pembeni kama unataka fibroblasti za mtu huyohuyo kwa kazi ya baadaye, ila kwenye sahani nyingine kabisa. Usiharakishe hapa. Ukiacha hata kipande kidogo cha chini kikashikilia, fibroblasti zitakusumbua miezi.

4. Zitawanye. Weka utando kwenye tripsini nyuzi 37, dakika 5 mpaka 10, pipeti juu chini taratibu mpaka uone maji yamekuwa na ukungu. Zima tripsini kwa kizuia cha soya. Wengi wamezoea kuzima kwa seramu, acha, seramu inaleta kalsiamu na kichocheo cha fibroblasti kwa wakati mmoja. Chuja kwa chujio la mikroni 70, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 200 dakika 5, mwaga maji ya juu.

5. Panda. Tumia kisima kimoja cha sahani ya visima 24, kilichopakwa kolajeni. Usipende sahani kubwa, seli chache kwenye uwanja mpana hazioti. KSFM yenye Y-27632 mikromola 10. Weka inkubeta alafu usiiguse siku 2 nzima, hata kuangalia. Siku ya tatu badilisha midia taratibu kutoka ukutani, baada ya hapo kila siku 2. Koloni zikianza zinaonekana vizuri sana, seli ndogondogo zenye pembe, zimebanana kama zimepangwa, kingo zake zinang'aa. Y-27632 iondoe ukishaona koloni zimeshika. Ukiiacha moja kwa moja seli zitaota tu lakini hutajua kama ni dawa inayozishikilia au la.

6. Hamisha kabla hazijajaa. Asilimia 60 mpaka 70, sio zaidi. Seli za umio zikijaa zinagusana, zinaanza kukomaa kama zinavyokomaa ndani ya mwili, na seli iliyokomaa hairudi. Mtu anaacha wikiendi ipite, Jumatatu anakuta sahani imejaa vizuri anafurahi, kumbe ameua kundi lake. Seli hizi zinashika sana chini, tripsini itachukua mpaka dakika 8 au 10, vumilia, usikwangue.

Hapohapo gandisha vichupa viwili vitatu vya pasaji ya kwanza, yaani mara ya kwanza kuhamisha. Najua seli ni chache na inauma. Gandisha hivohivo.

7. Ingiza jeni, mapema. Pasaji ya 1 au ya 2, seli zikiwa bado zinakimbia. Usisubiri mpaka zichoke, virusi havifufui. Gawa seli kwenye makundi haya:

- kundi A: hTERT peke yake
- kundi B: CDK4 R24C kwanza, ukimaliza kuchagua ndo hTERT
- kundi C: virusi vitupu, jirani wa kulinganisha. Visima viwili, cha puromaisini kinatembea na A, cha blastisidini kinatembea na B
- kundi D: hazijaguswa na virusi, hizi ni za kupima dawa

Kundi A likifika mbali ndo litakuwa laini yako bora, kwa sababu limeguswa kidogo zaidi. Kundi B ni bima. Ile laini ya mapafu ya HBEC3-KT iliyotengenezwa Dallas ilipita njia ya CDK4 na hTERT na p53 yake ikabaki inafanya kazi, kwa hiyo B nayo sio ya kudharau.

Sasa kosa kubwa kuliko yote kwenye hatua hii. Virusi vinatengenezwa kwenye seli za 293T, na 293T zinakaa kwenye midia ya DMEM yenye seramu na kalsiamu karibu milimola 1.8. Ukimwaga maji yale moja kwa moja juu ya seli za umio umezipa amri ya kukomaa, zinatanuka zinakufa, na mtu anasema virusi ni sumu. Vichuje kwa mikroni 0.45, vikusanye kwa sentrifuji ya kasi au kwa kemikali ya kukusanyia, alafu viyeyushe ndani ya KSFM. Polibrini, ya kusaidia virusi kuingia, mikrogramu 4 kwa mililita zinatosha, 8 ni nyingi kwa seli hizi. Viache virusi usiku mmoja, asubuhi badilisha midia. Lenga seli chache zipate virusi, kama asilimia 20 au 30 hivi, ili nyingi ziwe na nakala moja tu. Ukizijaza virusi jeni inajichomeka sehemu nyingi za kromosomu na hujui imevunja nini.

Tumia vairasi ya kizazi cha tatu isiyoweza kujizalisha, vaa glavu mbili, sindano zisiingie kwenye hudi kabisa. Na kamwe usifanye kazi hii kwa seli zako mwenyewe au za mwenzako wa maabara, mwili wake hautazikataa zikiingia kwa bahati mbaya.

8. Chagua. Baada ya saa 48 weka puromaisini, inaua seli zisizopata jeni. Kiwango usikopi kwa mtu, kipime kwa kundi D: jaribu mikrogramu 0.25, 0.5, 1 na 2 kwa mililita, chukua kile kidogo kabisa kinachoua zote ndani ya siku 3 au 4. Blastisidini fanya vilevile lakini inachukua wiki nzima. Kundi D likifa lote na A bado lina visiwa vya seli hai, umepata. Ziache visiwa vikue, usiharakishe kuhamisha.

9. Hesabu kila pasaji. Hii ndo kazi yenyewe na ndo watu wanaichoka. Kila ukihamisha andika umepanda ngapi, umevuna ngapi, tarehe, nani amefanya. Idadi ya maradufu, yaani seli zimeongezeka mara mbili mara ngapi, ni 3.32 mara tofauti ya log ya ulizovuna na log ya ulizopanda. Umepanda 100,000 umevuna 800,000, hayo ni maradufu 3. Jumlisha kila mara. Namba ya pasaji peke yake haisemi kitu, mtu anayegawa moja kwa mbili na anayegawa moja kwa kumi wote wanaandika pasaji ya 15.

Kundi C litasimama. Litatanuka, seli zitakuwa pana na bapa kama yai la kukaanga, ukizipaka rangi ya beta-galaktosidasi ya pH 6 zinakuwa bluu. Mpige picha siku hiyo, ndo ushahidi wako. A na B wakipunguza mwendo kidogo kipindi hichohicho usiogope, wape midia mpya, usizigawe sana, wengi wanavuka. Usiziite laini isiyozeeka mpaka zimepita maradufu 100 na bado mwendo ni uleule. Ndio, ni muda mrefu, seli inayogawanyika karibu kila siku 2 inakula zaidi ya nusu mwaka. Kila maradufu 10 gandisha vichupa 5.

10. Thibitisha ni nani na ni nini. Hapa sina mzaha kabisa. Gartler alisema mwaka 1966 kwamba laini nyingi zilizodhaniwa tofauti kumbe ni HeLa, na mpaka leo kuna watu wanatumia HEp-2 wakiamini ni ya zoloto, Chang wakiamini ni ya ini, zote ni HeLa. Sisi tunaoanza kutengeneza za kwetu hatuna sababu ya kurithi aibu hiyo. Fanya haya:

- Wasifu wa STR, alama za DNA zinazotambulisha mtu, linganisha na damu ya mwenye seli. Rudia kila ukifungua benki mpya ya seli zilizogandishwa
- Maikoplasma kwa PCR, kila mwezi. Haichafui midia, huioni kwa hadubini, inabadilisha kila jibu lako kimyakimya
- Saitokeratini 5 na 14, p63 na E-kadherini, alama za epithelia, ziwepo. Vimentini, alama ya fibroblasti, peke yake isikutishe, seli za epithelia kwenye plastiki zinaweza kuitoa kidogo
- Telomerasi kwa kipimo cha TRAP, kundi C liwe hasi
- p53: wape doksorubisini, dawa inayoharibu DNA, usiku mmoja, p53 na p21 zipande. Zisipopanda, kuna kitu kimepotea njiani
- p16 ipo au imefutika, andika ukweli wowote utakaoupata
- Karyotaipu, yaani picha ya kromosomu, mapema na tena mbeleni, mfano maradufu 40 na 100
- Agari laini: zisiote, kuota humo ni tabia ya kansa. Weka laini ya kansa pembeni ili ujue agari yenyewe inafanya kazi
- Uoteshaji wa tabaka, juu ya jeli ya kolajeni yenye fibroblasti, ukizipandisha hewani zijenge tabaka kama umio wa kweli. Kwangu hiki ndo kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha seli bado inakumbuka kazi yake

11. Weka benki. Milioni 1 kwa kichupa, KSFM yenye seramu asilimia 10 na DMSO asilimia 10, punguza nyuzi 1 kila dakika mpaka nyuzi 80 chini ya sifuri, kesho yake naitrojeni. Benki mama usiiguse, fanya kazi na benki ya pili. Nusu ya benki mama ipeleke jengo lingine au taasisi nyingine kabisa. Ukiyeyusha ondoa seramu na DMSO kwa sentrifuji kabla ya kupanda.

Kutoka hapo ndo unaanza utafiti wenyewe: toa p53 kwa CRISPR, ule mkasi wa jeni, ongeza saiklini D1 au EGFR zinazosukuma ukuaji, au ziweke kwenye joto. IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, iliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa, mwaka 2016, na utafiti wa kansa ya umio uitwao ESCCAPE umefuatilia chai ya moto na mambo mengine huku Eldoret, Moshi na Blantyre. Joto linafanya nini hasa ndani ya seli ya umio ya mtu wa Kilimanjaro, hilo ni swali linalosubiri laini kama hii.

Mambo yakiharibika

*Hakuna kilichoshika baada ya siku 5.* Mara nyingi tripsini ilikaa sana au kipande kilichelewa njiani. Usitupe bado, angalia mpaka siku ya 10. Ijayo punguza dakika, na upake kolajeni upya, ile iliyokauka muda mrefu haisaidii.

*Kuna seli ndefu nyembamba zinazopita katikati ya koloni.* Fibroblasti. Weka EDTA na tripsini kidogo dakika 1 au 2 tu, zenyewe zinatoka haraka, za epithelia zinabaki, mwaga, osha, rudisha KSFM. Rudia kila pasaji mpaka ziishe, na usiingize hTERT kabla hazijaisha, kwa sababu fibroblasti zinapokea hTERT kwa urahisi kuliko epithelia na baada ya miezi mitatu utakuwa na laini nzuri sana ya kitu ambacho hukukitaka.

*Seli zote zimetanuka ghafla wiki moja.* Angalia kalsiamu. Kuna mtu ameweka seramu, au amechukua chupa ya midia nyingine, au viongezi vimekaa kwenye midia iliyochanganywa zaidi ya mwezi. Kama ni mwishoni na kundi C nalo limefanya hivohivo, huo ni uzee wa kawaida sio kosa.

*Kundi D halifi kwa puromaisini.* Dawa imekwisha nguvu au ulihesabu vibaya. Usiendelee na A, huna njia ya kujua nani amepata jeni.

*Kuvu.* Tupa sahani nzima, usijaribu kuokoa, safisha inkubeta na beseni la maji. Yeyusha kichupa cha pasaji ya 1, ndo maana tuligandisha.

*Kundi A limesimama maradufu 30 na B linaendelea.* p16 imeshinda. Sio kushindwa, yeyusha A ya mapema na jaribu tena juu ya tabaka la fibroblasti zilizozuiwa kugawanyika, mazingira bora yanaweza kulivusha bila CDK4. Likikataa tena, endelea na B na uandike hivyo.

*Zimeanza kukimbia ghafla mbio mara mbili.* Usifurahie. Rudia STR, karyotaipu na p53 siku hiyohiyo, ama ni uchafu wa laini nyingine ama seli moja imebadilika imewameza wenzake. Rudi kwenye benki ya nyuma.

*STR haifanani na damu.* Tupa vyote, vichupa vyote vya baada ya benki ya mwisho iliyofanana, na uwaambie kwa maandishi wote uliowapa.

*Umeme umekatika usiku.* Usifungue mlango wa inkubeta kuangalia, joto linakaa ndani saa kadhaa ukiuacha umefungwa. Ukirudi badilisha midia, angalia kipimo cha gesi, na uandike kwenye daftari la maradufu, kwa sababu pasaji hiyo ikionekana ya ajabu baadaye utataka kujua sababu.